Huduma za ushauri wa siri kwa vijana: tulizozipima, na pale siri inapoishia

Ukitaka kuipima huduma ya ushauri wa siri kwa vijana, picha za mabinti na wavulana wanaotabasamu kwenye ukurasa wake wa mbele hazitakusaidia. Tafuta ukurasa unaosema ni lini huduma hiyo itatoboa siri. Kama haupo, au umezikwa ndani ya sera ya faragha iliyoandikwa na mawakili kwa ajili ya mawakili wenzao, tunaishushia alama kabla hata simu haijaita. Huduma ya watoto inayotunza kila inachoambiwa haipo. Zote zina mpaka. Tofauti ni kama kijana anauona mpaka huo kabla ya kuuvuka au baada.

Katika hilo Childline ya Uingereza inaongoza. Ilianzishwa mwaka 1986 na mtangazaji Esther Rantzen, ikaingia chini ya NSPCC, shirika la Uingereza la kulinda watoto, mwaka 2006, na inahudumia walio chini ya miaka 19 kwa namba 0800 1111 na kwa chati ya mtandaoni. Maelezo yake ya usiri yanataja, kwa lugha ambayo mtoto wa miaka 12 anaielewa, mambo yanayoweza kuwafanya wamwambie mtu mwingine: kijana mwenyewe akiwaomba, maisha yake au ya mwenzake yakiwa hatarini, akisema anamdhuru mtu vibaya, akitaja mtoto mwingine anayeteswa na hawezi kujisemea, au akiwa anadhuriwa na mtu aliyekabidhiwa watoto wengine, kama mwalimu, kocha au kiongozi wa dini.

Kipengele cha kocha ndicho kinachowashtua wengi. Kijana anaona yaliyompata ni yake, ayaseme au ayanyamazie apendavyo. Huduma inawafikiria watoto walio uwanjani na kocha yuleyule kesho jioni. Sababu hiyo inaeleweka, lakini ni lazima kijana aijue kabla hajataja jina la mtu. Na mpaka hauko mahali pamoja kila nchi. Nchini Marekani, walimu, madaktari na washauri wa shule wanabanwa na sheria za majimbo kuripoti wanaposhuku kwamba mtoto ananyanyaswa. Kwa hiyo mshauri wa shule, hata awe mwema namna gani, hana hiari ya kukaa kimya. Kijana asiyelijua hilo anaweza kumweleza kila kitu saa nne asubuhi na kukuta ofisa wa ustawi wa jamii anabisha hodi nyumbani siku hiyohiyo.

Dawa yake ni swali moja la dakika ya kwanza: "Kabla sijaanza, ni mambo gani ukiyasikia itabidi umwambie mtu mwingine, na huyo mtu ni nani?" Nusu ya pili ina uzito kuliko ya kwanza. Hofu ya vijana wengi ni kwamba simu itapigwa kwa mama au baba, kumbe mara nyingi taarifa ikitolewa inakwenda kwa huduma ya dharura au kwa ulinzi wa mtoto. Mshauri mzuri anajibu swali hilo moja kwa moja, na anaongeza kwamba ikibidi kusema, atamwambia kijana kwanza na kumshirikisha katika namna ya kusema. Mshauri dhaifu anasema "usijali, hapa uko salama" na kuendelea. Ukijibiwa hivyo, rudia swali. Inaruhusiwa pia kuuliza kwa mbali: "Ingekuwaje kama mtu angekuambia kwamba…" au "Rafiki yangu ana tatizo." Washauri wamezoea rafiki huyo asiye na jina, na hakuna atakayekushika kwa uongo.

Jina si lazima katika huduma yoyote ya maana. Hata hivyo, kutotaja jina hakumaanishi kwamba huwezi kutafutwa. Simu ina namba, chati ina anwani ya intaneti ya kifaa, na vyote viwili vinaweza kukabidhiwa kwa polisi au gari la wagonjwa maisha yakiwa hatarini. Chukua mfano wa 988, namba ya Marekani ya watu walio katika mawazo ya kujiua au msukosuko mkubwa wa akili, iliyoanza kutumika tarehe 16 Julai 2022 badala ya namba ndefu ya tarakimu kumi. Haioni ulipo kama inavyoona namba ya dharura 911. Kwa miaka miwili ya mwanzo simu ya mkononi ilikuwa ikipelekwa kituo cha eneo ambalo tarakimu za mwanzo za namba yako zilitolewa, hata kama ulishahama. Mwaka 2024 mamlaka ya mawasiliano iliagiza kampuni za simu kuelekeza simu hizo kufuata eneo la jumla anakopigia mtu. Kwa maelezo ya wenyewe, chini ya asilimia 2 ya simu huishia kuhitaji huduma ya dharura. Tunalitaja hilo kwa makusudi, kwa sababu kuna kijana anayeogopa kupiga simu akiamini kwamba neno "kujiua" likitamkwa tu, polisi wako njiani. Sivyo. Kwa kawaida mshauri anauliza kwa utulivu: unafikiria hivyo sasa hivi? Umepanga jinsi? Uko na nani? Majibu ndiyo yanayoamua, na mara nyingi mazungumzo yenyewe yanatosha kumvusha mtu usiku huo.

Sasa tuje nyumbani, maana kinachoweza kumfichua kijana upesi zaidi ni simu yake mwenyewe. Hapa ndipo huduma nyingi zinapata alama za chini, hata zile zenye washauri hodari.

Namba za Childline hazionekani kwenye ankara ya simu, na wanalisema waziwazi. Hicho ndicho kiwango. Huduma ambayo haisemi lolote kuhusu ankara, chukulia kwamba itaonekana. Hata kwenye laini ya malipo ya kabla, ambako ankara haipo, namba inabaki kwenye orodha ya simu zilizopigwa, na kaka mwenye udadisi hahitaji zaidi ya sekunde tano. Futa namba ile moja peke yake. Orodha nzima ikiwa tupu inazua maswali kuliko namba moja isiyojulikana. Uliza pia kama huduma inaweza kukupigia baadaye na kama namba yake itaonekana, kwa kuwa simu usiyoipokea inaweza kupokelewa na mtu mwingine.

Ujumbe mfupi ni mtulivu kwa sikio lakini una mdomo mrefu. Unabaki kwenye simu, unatokea kwenye skrini iliyofungwa, na kama familia inatumia akaunti moja, unaweza kujitokeza kwenye tableti iliyoko sebuleni. Zima arifa za programu ya meseji kabla ya kutuma neno la kwanza. Chati ya kwenye kivinjari haiachi meseji, ila inaacha historia. Dirisha la faragha la kivinjari linazuia historia kuhifadhiwa kwenye kifaa na si zaidi ya hapo: programu ya wazazi ya kufuatilia simu bado inaweza kuona, na mtandao wa shule unaweza kuona jina la tovuti uliyoifungua hata kama hauoni ulichoandika. Kwa kijana ambaye simu yake inafuatiliwa, ushauri wetu ni mmoja: tumia kifaa kingine, iwe cha maktaba au cha rafiki, au piga simu ukitumia simu ya mtu mzima unayemwamini.

Kitufe cha kutoka haraka, kile chekundu au cha njano pembeni mwa ukurasa, kinasifiwa kupita uwezo wake. Kazi yake ni kukurusha kwenye tovuti isiyo na madhara, kama ya hali ya hewa. Vingi havifuti historia, na kwenye baadhi ya tovuti ukibonyeza kitufe cha kurudi nyuma unajikuta tena palepale ulipokimbia. Kijaribu kabla hujakihitaji: kibonyeze, kisha bonyeza kurudi nyuma, kisha fungua historia. Jaribio hilo linachukua nusu dakika na linakuambia mengi kuhusu waliojenga tovuti hiyo. Huduma ikikutaka ufungue akaunti, jina la kubuni linatosha. Ikilazimisha barua pepe, isiwe ile inayofunguka kwenye kompyuta ya nyumbani.

Nani anapokea? Hili huduma huzungumza kwa sauti ya chini, nasi tunadhani lingepaswa kuandikwa mbele. Kids Helpline ya Australia, iliyoanza mwaka 1991 kwa namba 1800 55 1800, inatumia washauri wenye taaluma wanaolipwa, saa 24, kwa watu wa miaka 5 hadi 25. Kijana anaweza kuomba kurudi kwa mshauri yuleyule, na kwa tatizo la muda mrefu, kama ulevi wa mzazi au kula kulikovurugika, hilo lina thamani kubwa. Kuanza upya kila mara na mtu mpya kunachosha, na wengi wanakata tamaa hapo. Childline inategemea sana watu wa kujitolea waliofunzwa na wanaosimamiwa kila zamu. Hiyo peke yake haiifanyi kuwa duni, kwa sababu mtu wa kujitolea mwenye msimamizi pembeni anaweza kusikiliza vizuri kuliko mtaalamu aliyechoka. Usichopata hapo ni tiba. Unapata kusikilizwa, kupangiwa mawazo na kuelekezwa pa kwenda.

Crisis Text Line ya Marekani inahitaji maelezo zaidi kwa sababu ina nguvu na kasoro kwa pamoja. Ilianza mwaka 2013: unatuma ujumbe kwenda 741741, unapokea majibu ya kujiendesha yanayokuuliza kinachoendelea, kisha mtu halisi anaingia. Huyo ni mtu wa kujitolea mwenye umri wa miaka 18 au zaidi aliyepitia mafunzo ya saa 30, na nyuma yake yupo msimamizi anayelipwa. Foleni haifuati aliyetangulia. Kompyuta inasoma ujumbe wa kwanza na kuwasogeza mbele walio katika hatari kubwa. Matokeo yake kwa mtumiaji ni haya: ukiandika "hi" peke yake utasubiri. Ukiandika sentensi mbili za kweli kuhusu hali yako, unawapa wanachohitaji ili wakupange ipasavyo. Mazungumzo yenyewe huenda polepole, na ukimya wa dakika tatu kati ya ujumbe na ujumbe haumaanishi kwamba umetelekezwa. Lengo lao ni kukutoa kwenye wakati wa moto hadi utulivu, halafu kuagana. Anayetaka uhusiano wa wiki nyingi hataupata pale.

Kasoro ilijitokeza Januari 2022, gazeti la Politico lilipoandika kwamba data za mazungumzo, zikiwa zimeondolewa majina, zilikuwa zikigawiwa kwa Loris.ai, kampuni ya kibiashara iliyotokana na shirika hilohilo na iliyotengeneza programu za huduma kwa wateja. Ugawaji huo ulisitishwa siku chache baadaye. Utetezi ulikuwa kwamba watumiaji walikubali masharti. Sisi hatuukubali. Kijana anayelia chooni saa saba usiku hasomi masharti, na ridhaa ya namna hiyo ni ridhaa ya karatasi tu. Tangu hapo kila huduma tunayoipima tunaiuliza mambo matatu: mazungumzo yanahifadhiwa muda gani, nani nje ya shirika anayaona, na kijana anaweza kuomba yafutwe kwa njia ipi.

Kuna huduma ambazo wanaopokea ni vijana wenyewe. Nummer gegen Kummer ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1980 na inayotumia namba 116 111, huwaweka vijana waliofunzwa kwenye simu siku za Jumamosi. Teen Line ya Los Angeles, ya mwaka uleule wa 1980, inafanya hivyo jioni chini ya uangalizi wa watu wazima. Kwa ugomvi wa marafiki, mapenzi yaliyovunjika au shule iliyoelemea, tunazipendekeza bila kusita. Rika moja huelewana haraka, na hakuna wa kukuambia "utakua uyasahau." Kwa dharura ya usiku wa manane usizitegemee, kwa sababu saa zake ni chache.

Picha za utupu zilizosambaa, au mtu anayetishia kuzisambaza, zinahitaji zana ya aina yake. Take It Down, iliyozinduliwa mwaka 2023 na NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, ni ya picha au video za mtu aliyekuwa chini ya miaka 18 zilipopigwa, hata kama sasa ameshavuka umri huo. Unachagua picha kwenye kifaa chako, tovuti inakokotoa alama ya kidijitali ya picha hiyo papo hapo, na alama peke yake ndiyo inayotumwa. Picha yenyewe haiondoki. Majukwaa yaliyojiunga yanalinganisha alama hiyo na vilivyopandishwa kwao. Inashindwa mahali pawili na ni vizuri kupajua: picha ikikatwa au kubadilishwa inaweza kupata alama tofauti, na ndani ya mazungumzo yaliyosimbwa, yaani yaliyofungwa ili yasomwe na wanaozungumza tu, haifiki. Basi tuma alama za nakala zote ulizonazo, pamoja na zilizohaririwa. Uingereza wana Report Remove, iliyoanza mwaka 2021 kwa ushirikiano wa Childline na Internet Watch Foundation, shirika linalosaka na kuondoa picha za unyanyasaji wa watoto mtandaoni. Hapo picha huangaliwa na wachambuzi wa shirika hilo, jambo ambalo baadhi ya vijana hawalipendi, lakini kijana anaweza kupata mshauri wa Childline katika safari hiyohiyo. Kwa zote mbili: usimlipe anayetishia, kwa maana akishalipwa anarudi. Usifute mazungumzo naye kabla hujahifadhi jina la akaunti yake. Na usimtumie mtu yeyote picha hiyo kama ushahidi, hata rafiki wa karibu.

Kliniki za vijana tutazipitia kwa ufupi. Brook ya Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1964, inashughulikia uzazi wa mpango, vipimo na ushauri wa mahusiano. Msingi wa kisheria wa siri yake kwa walio chini ya miaka 16 umetokana na hukumu ya Gillick ya mwaka 1985, iliyosema kwamba kijana mwenye uelewa wa kutosha anaweza kuridhia matibabu bila mzazi kujua. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 13 mambo ni mengine, na kliniki italazimika kuangalia ulinzi wake. Marekani kuna mtego ambao hata wauguzi wanausahau: ukitumia bima ya mzazi, kampuni ya bima hutuma taarifa ya malipo kwa mwenye bima. Daktari ametunza siri, lakini bahasha imeitoa. Uliza mapokezini, kabla ya kupimwa, taarifa itatumwa kwa nani na kama unaweza kulipa au kuhudumiwa nje ya bima.

Roboti za kuchati zinazojiita rafiki au mshauri hatuzipi alama yoyote. Hakuna msimamizi wa zamu, hakuna wajibu wa usiri kama wa daktari, na mazungumzo yanakaa kwenye akaunti yako hadi mtu ayafungue.

Kwa anayetafuta namba ya nchi yake, Child Helpline International, muungano wa huduma za simu za watoto ulioanzishwa mwaka 2003 na Jeroo Billimoria, aliyekuwa ameanzisha namba 1098 ya watoto India mwaka 1996, una orodha ya wanachama kwa nchi. Ulaya namba ya pamoja ni 116 111, iliyotengwa kuanzia mwaka 2007. Kenya, Tanzania na Uganda ni 116. Kabla ya kumpa kijana namba yoyote, ipige wewe mwenyewe. Sikiliza inaita mara ngapi, kama inaanza kwa rekodi ndefu ya kukutaka ubonyeze hiki na kile, na kama inapokelewa Jumapili usiku kama ilivyotangazwa. Namba iliyobandikwa ukutani na haipokelewi ina madhara kuliko ukuta mtupu, kwa sababu kijana aliyejipa moyo mara moja huenda asijipe tena.

Kuhusu kupiga simu kwenyewe: ukimya unaruhusiwa. Huduma hizi hupokea simu nyingi zisizo na sauti, na mshauri aliyefunzwa hakati. Atasema yupo, atasubiri, atakuambia unaweza kugonga simu kama unamsikia. Wanaopiga wakicheka na wenzao nao hawafukuzwi ovyo, kwa kuwa wengi wao wanajaribu kama sauti ya upande wa pili ni ya upole. Ukiona maneno hayatoki, andika mistari mitatu kabla: kilichotokea, kilichobadilika karibuni, unachotaka kutoka kwenye mazungumzo haya. Cha tatu kinasaidia kuliko vyote, hata kikiwa "nataka tu mtu asikilize, asinipe ushauri."

Na ukimpata mshauri asiyekufaa, anayekuhubiria au anayekuharakisha, kata simu upige tena, maana atapokea mwingine. Huhitaji kumweleza sababu. Kwenye chati omba kuongea na msimamizi, yupo. Kama kuna mtu anakudhuru dakika hii, au umeshajidhuru, achana na chati na foleni zake: piga namba ya dharura ya nchi yako au mfuate mtu mzima aliye karibu, kisha simu ya ushauri ifuate ukishakuwa mikononi mwa watu.